Kila Breki ni Kikombe cha Petroli



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, manung'uniko yanayotufikia huwa ya namna moja. Mwenye shamba wa Mtambwe alalamika kuwa nauli ya kuchukulia karafuu zake hadi kituoni imepanda tena. Mwenye gari wa Konde naye ajibu kuwa hana la kufanya, petroli ndiyo iliyompandisha. Wote wawili wasema kweli, na ndiyo maana ugomvi wao hauishi. Lakini yupo wa tatu ambaye hatajwi katika barua hizo, naye ni mguu wa dereva.

Bei ya petroli haimo mikononi mwetu. Kwetu Visiwani hutangazwa na ZURA kila mwezi, na huko Bara hutangazwa na EWURA, na wote hao hutazama bei ya dunia kabla ya kututazama sisi. Tuliyaona mambo hayo mwaka 2022, bei zilipopanda duniani kote, hata Serikali ya Muungano ikatoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni ili kupunguza makali. Mwanachama hawezi kulijadili pipa la mafuta. Aweza, hata hivyo, kuuliza petroli aliyoilipia imekwenda wapi. Sisi twasema kuwa sehemu kubwa ya ile inayopotea haipotei katika safari yenyewe, bali hupotea katika breki. Na twasema pia kuwa ile desturi ya kuteremka milima kwa gea huru, yaani nyutro, ambayo madereva wengi huisifu kuwa ndiyo akiba kubwa, ni akiba ya uwongo, na yapasa ikatazwe katika kila gari ichukuayo karafuu za wanachama.

Tutaeleza tulivyofika katika rai hii. Mwaka huu baadhi yetu tulikuwa Mkoa wa Mara. Tulikwenda Bunda kuwatazama wakulima wa pamba, tupate kujua namna wanavyogawana gharama za kuchukulia mazao yao, kisha tukafika Butiama kulizuru kaburi la Mwalimu Julius Nyerere pale Mwitongo, alipozikwa mwezi wa Oktoba 1999. Mtu wa kisiwani akifika kule, jambo la kwanza limshangazalo ni umbali. Kutoka Mwanza hadi Musoma ni kilomita 220 hivi, na wenyeji huzitaja kana kwamba ni mwendo wa kwenda sokoni na kurudi. Jambo la pili ni bei. Petroli ya Musoma hushuka bandarini Dar es Salaam, kisha hubebwa na malori zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kufika kwenye pampu, na malori hayo nayo yala mafuta. Kwa hivyo katika orodha ya EWURA, ambayo huonyesha bei ya kila mji, Musoma huwa juu ya Dar es Salaam. Tulidhani basi kuwa madereva wa kule watakuwa mabingwa wa kubana mafuta. Tuliwakuta mabingwa, na tuliwakuta wasio mabingwa, na tafauti yao ndiyo iliyotufunza.

Barabara yenyewe ni ya lami nzuri. Ikipita Lamadi husogea pembeni mwa Hifadhi ya Serengeti, penye lango la Ndabaka, na msafiri hutakiwa aangalie wanyama wanaovuka. Kisha hufika Bunda, chini ya milima ya Balili, na baada ya hapo hukata nchi ya malisho na mashamba mpaka Makutano, ambapo njia hugawanyika: ya kwenda Musoma ziwani, ya kwenda Tarime na mpakani Sirari, na ya kwenda Butiama. Katika njia yote hiyo hakuna kijibashiri kikubwa cha matumizi ya petroli kuliko vibao vya 50. Kila kijiji kina kibao, baada ya kibao lipo tuta, na chini ya mwembe huenda yupo askari mwenye tochi yake ya kupimia mwendo.

Dereva wetu wa kwanza alikuwa kijana mwenye adabu njema na mguu mzito. Akitoka kijijini hukanyaga mafuta mpaka 100, halafu akiona kibao hukanyaga breki mpaka 50, avuke tuta, kisha akanyage tena. Gari zinazokuja mbele zikimuwashia taa, kwa kumuonya kuwa askari wapo, basi breki huwa kali zaidi. Tulipokuwa tukirudi kutoka Butiama, ambako ni juu kuliko Musoma, alitia nyutro katika mteremko akatuambia kwa furaha, "Wazee wangu, huu mteremko tunaula bure." Hatujaumaliza kuula, likatokea kundi la ng'ombe kutoka kichakani upande wa kushoto, na mtoto mchungaji nyuma yao. Kijana alikanyaga breki, gari haikupunguza mwendo kama alivyotarajia kwa kuwa injini haikuwa ikiishikilia, akatafuta gea akaikosa, akakanyaga tena. Tulisimama. Ng'ombe wa mwisho alikuwa karibu nasi kiasi cha kuweza kupigwa mkono. Mzee mmoja miongoni mwetu, ambaye kwa kawaida si mwepesi wa maneno, alimwambia, "Mwanangu, hii bure yako ina bei."

Tukiiacha khatari kwa muda, tuitazame hesabu peke yake, maana watu wengi huivumilia khatari wakiamini kuwa angalau wamefaidika.

Katika gari za zamani zenye kabureta, petroli ilinyonywa na upepo unaoingia katika injini, na hata dereva akiondoa mguu, injini inayozunguka kwa kasi iliendelea kunyonya. Huko ndiko ilikotoka hekima ya nyutro, na wazee walioifuata hawakuwa wajinga. Lakini gari nyingi za petroli tunazonunua sasa, zile zitokazo Japani zikiwa zimekwishatumika, hazina kabureta. Petroli hupulizwa na nozeli, na nozeli hutawaliwa na kompyuta ndogo ya injini. Gari ikiteremka ikiwa ndani ya gea, na dereva akaondoa mguu kabisa kwenye mafuta, kompyuta hutambua kuwa sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na hufunga nozeli. Haiingii petroli hata tone, mpaka mzunguko ushuke karibu na ule wa injini iliyosimama ikinguruma. Dereva akitia nyutro, magurudumu huachana na injini, na injini isiyosukumwa lazima ilishwe ili isizimike. Yaani aliyetia nyutro ndiye anayetumia petroli, na aliyebaki katika gea ndiye anayeteremka bure.

Tuwe waadilifu. Upo mteremko mdogo sana ambao gari ikibaki katika gea itapunguza mwendo mpaka dereva alazimike kukanyaga mafuta, lakini ikiachiwa huru itaendelea kuserereka. Hapo nyutro yaweza kuokoa kitu. Ni kitu gani? Injini ndogo ya petroli ikiwa imesimama inanguruma hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Basi mteremko wa dakika tano mazungumzo yake yote ni juu ya kiasi cha kikombe kimoja kidogo cha kahawa, kile cha barazani. Kwa ajili ya kikombe hicho dereva ameiondoa injini katika kazi ya kumshikia gari, na mzigo wote umeachiwa breki, ambazo zikipata moto mwingi hulegea. Wako na wengine wanaozidisha, wakazima injini kabisa. Hao hawajui kuwa nguvu inayousaidia mguu katika breki hutoka kwenye injini. Ikizimika, baada ya kukanyaga mara chache kanyagio huwa gumu kama jiwe, usukani nao huwa mzito, na ufunguo ukirudishwa nyuma kupita kiasi usukani waweza kujifunga. Mtu huyo tusimuite mbanaji wa mafuta.

Sasa tukirejee kikombe chetu cha kahawa, kwani tutakitumia kupimia jambo lililo kubwa zaidi.

Gari ikiwa mwendoni ni ghala. Petroli iliyochomwa kuifikisha mwendo ule haijapotea bado, imo ndani ya mwendo wenyewe, na gari yaweza kuitumia kwa kuserereka. Dereva akikanyaga breki, ghala lile humwagwa lote likawa joto katika vyuma vya breki, na joto hilo haliuziki. Tena ghala halijai kwa usawa. Kuitoa gari 50 na kuifikisha 100 kwahitaji nguvu mara tatu ya ile ya kuitoa pale iliposimama na kuifikisha 50. Tumekaa tukapiga hesabu kwa gari iliyo na watu na mizigo yake, uzito wa tani mbili, tukichukulia kuwa robo tu ya nguvu iliyomo katika petroli ndiyo inayofika kwenye magurudumu, kwa maana sehemu kubwa hutoka kwa moshi na kwa maji ya rejeta. Kila breki ya kutoka 100 hadi 50 yamwaga kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa cha petroli. Breki 14 za namna hiyo ni lita nzima. Kijana wetu, katika kutafuta kikombe kimoja cha nyutro, alikuwa akimwaga kikombe katika kila kijiji.

Kama kuna anayeona kuwa haya ni maneno ya kwenye karatasi, atazame walilolifanya Wajapani. Mwaka 1997 Toyota walitoa gari iitwayo Prius, ambayo ikipunguza mwendo huichukua sehemu ya ile nguvu na kuirudisha katika betri, kisha huitumia kuondokea. Wasingejitia gharama hiyo kama ndani ya breki hamna mali.

Dereva aliyeturejesha kutoka Musoma kwenda Bunda alikuwa mtu mzima, na gari yake ilikuwa kuukuu kuliko ile ya kwanza. Huyu alikwenda 80. Kibao cha 50 kikitokea mbali, aliondoa mguu kwenye mafuta, akabaki katika gea, akaiacha gari ipunguze mwendo yenyewe. Ilipofika kwenye kibao ilikuwa imekwishashuka, na breki aliigusa tu mbele ya tuta. Tulimuuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema hakufundishwa na mtu, ila gari ni yake na mafuta ni yake. Kujaza tangi kulipokuja, tafauti baina ya safari hizo mbili ilitosha kuwalisha watu wanne chakula cha mchana pale Bunda, samaki wa ziwani na ugali, na chai juu yake.

Mtu atasema: na muda je? Twalipa dereva afike, hatumlipi atazame mandhari. Basi tuhesabu. Kutoka Bunda hadi Musoma ni kama kilomita 70. Anayekwenda 100 bila kusimama hufika kwa dakika 42, na anayekwenda 80 hufika kwa dakika 52 na nusu. Ni dakika kumi, na hizo ni kama barabara haina kijiji hata kimoja. Kwa kuwa wote wawili hulazimika kwenda 50 katika vijiji vilevile, na kusubiri ng'ombe walewale, dakika kumi zile hupungua. Na kwa dakika chache hizo mwenye haraka hulipa mara mbili, kwani upepo nao unamdai: upepo unaoizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo, na kwa mwendo wa 100 huwa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa 80. Mabasi na magari makubwa kisheria hayaruhusiwi kupita 80, na twaona kuwa kipimo hicho hakimdhuru mwenye gari ndogo akikichukua kwa hiari yake.

Si jambo geni. Wazee wanakumbuka miaka ya 1970, mafuta yalipoadimika, Bara ikakatazwa gari za watu binafsi kutembea Jumapili mchana. Marekani nayo mwaka 1974 ilishusha mwendo wa barabara kuu zote hadi maili 55 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 88. Na kabla ya shida hizo, huko Marekani walikuwa na mashindano ya kampuni ya Mobil yaliyodumu tangu 1936 hadi 1968, ambapo mshindi hakuwa mwenye mbio bali aliyekwenda mbali zaidi kwa galoni moja. Kwetu Afrika Mashariki tuliyapenda mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, na pengine ndiyo sababu kila kijana mwenye leseni hujiona yumo ndani yake hata akiwa amepakia magunia. (Butiama, kwa upande wake, ina historia ya msafiri wa namna nyingine kabisa. Mwaka 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka hapo hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Petroli haikutumika, lakini hatumshauri mwanachama yeyote apeleke karafuu zake kituoni kwa njia hiyo.)

Turudi nyumbani. Barabara zetu si za Mara. Pemba hakuna uwanda wa kilomita 70, na hakuna anayefika 100 baina ya Chake na Wete kisha akaishi kusimulia. Kwetu ni vilima na kona, na gari zetu nyingi ni ndogo, zile Keri ambazo Bara huziita kirikuu, na gari za mbao. Kwa mwendo wa 50 na gari nyepesi, kikombe chetu hakijai kwa breki moja. Lakini kona ni nyingi kuliko vijiji vya Mara, na kila kona ni breki, na kila kilima ni kukanyaga. Dereva asiyetazama mbele huupanda mlima kwa nguvu zote mpaka kileleni, kumbe kona iko palepale nyuma ya kilele, akaitupa breki nguvu yote aliyoinunua. Anayeijua njia huondoa mguu kabla ya kilele, akaiacha gari ijimalizie yenyewe, akaingia kwenye kona bila breki au kwa breki ndogo. Mlimani asiikamie gea kubwa mpaka injini itetemeke, wala asiilize katika gea ndogo kama mtoto aliyenyimwa; abadilishe mapema, apande taratibu. Kuteremka, gea ileile ingefaa kupandia ndiyo ya kuteremkia. Wenye gari za gea za kujibadilisha zenyewe wasiiguse N gari ikiwa inakwenda, bali watumie zile gea za chini zilizoandikwa pembeni ya D, maana ziliwekwa kwa kazi hiyo.

Zipo khabari nyingine ambazo kila mtu anazijua na hazitendwi. Tairi zilizolegea huila petroli na hujila zenyewe. Zipimwe asubuhi kabla hazijapata moto, na kwa kipimo cha mzigo, si cha gari tupu. Karia yenye mizigo juu ya paa huukamata upepo. Kama nafasi ya ndani ipo, mzigo ushuke. Gari isingurume nusu saa mbele ya kituo kwa kuwa dereva anazungumza.

Na lipo moja ambalo ni letu wenyewe wala dereva hana lawama. Karafuu mbichi ni maji. Kilo tatu za mbichi hutoa kama kilo moja ya kavu. Mwanachama anayezipakia mbichi kuzipeleka kwenye sakafu ya mbali kuzianika, na hali ana pahali pa kutandika majamvi karibu na shamba, analipa nauli ya kuyatembeza maji. Twajua kuwa wengine hawana nafasi, na wengine huogopa wezi, na mvua ina lake la kusema. Lakini wapo wanaofanya hivyo kwa mazoea tu, na hao ndio tunaosema nao.

Sasa twaingia katika jambo ambalo wengine hawatalipenda. Tukiwalaumu madereva peke yao tutakuwa tumewaonea. Dereva wa kwanza tuliyempata Mara na yule wa pili hawakutafautiana kwa umri tu. Wa pili mafuta yalikuwa yake. Wa kwanza gari si yake, na mafuta yalitiwa na tajiri wake; akiyabana hapati senti, na akichelewa hutukanwa. Ni hivyohivyo kwetu. Gari ya kukodi msimu wa karafuu hutiwa mafuta na mwenyewe au na mwenye karafuu, dereva hulipwa kwa safari, na kadiri azidishavyo safari ndivyo apatavyo. Mtu uliyempangia malipo ya mbio usimshangae akikimbia. Ni kama yule mchumaji anayelipwa kwa pishi bila kusimamiwa, akayavunja matawi ili amalize mti upesi. Leo pishi zimejaa, na mwaka ujao mkarafuu haukuzaa, wala yeye hayupo pale kuulizwa.

Rai yetu ni hii. Kila gari iliyopatana na Jumuiya kuchukua karafuu za wanachama iwe na daftari. Ndani yake iandikwe kilomita za saa ya gari kila tangi linapojazwa mpaka juu, na lita zilizoingia, na sahihi ya dereva. Halihitaji fundi, ni kugawa tu: kilomita kwa lita. Majuma mawili ya kwanza yawe ya kuipima gari yenyewe, kwani gari kuukuu haiwezi kushindanishwa na mpya, wala ya Mkoani haiwezi kushindanishwa na ya Micheweni. Kila gari ishindane na nafsi yake. Baada ya hapo, petroli itakayookolewa kwa kila kilomita 100, nusu ya thamani yake apewe dereva mkononi kila mwisho wa mwezi, na nusu ibaki kwa mwenye gari, naye ndipo awe na la kusema anapoulizwa kwa nini nauli isishuke. Wako watakaosema dereva atadanganya katika daftari. Aweza kudanganya kilomita, lakini risiti ya pampu na saa ya gari zikisomwa pamoja na mwanachama mmoja aliyechaguliwa na tawi, uwongo hautakwenda mbali. Leo hatuna daftari lolote, na sisi hatuoni kuwa tunadanganywa kidogo kwa sababu hiyo.

Nyutro isiwekwe katika mashindano hayo. Hiyo iandikwe katika mapatano kuwa marufuku, kwa gari yenye karafuu na kwa gari yenye wachumaji, na khasa yenye wachumaji. Barabara za kwetu hazina ng'ombe wengi kama za Butiama, lakini zina watoto watokao chuoni saa za alasiri, na milima yetu karibu yote huteremkia penye nyumba.

Mkutano mkuu utakaa kabla ya uchumaji kuanza. Twawaomba makatibu wa matawi waje na hesabu ya gari zilizotumika msimu uliopita, namna dereva wa kila moja alivyolipwa, na nani aliyenunua mafuta, ili jambo hili la daftari lipigiwe kura siku hiyohiyo, wenye gari na madereva wao wakiwapo.